Nilitafuta Dawa Kila Mahali, Sigara Ikiwa Mfukoni

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa narudi nyumbani usiku wa manane kwa makusudi. Mimi ni dereva wa masafa marefu, naendesha semi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingine navuka mpaka wa Zambia hadi Lubumbashi, Kongo, kwa hiyo kisingizio cha kuchelewa hakikunipungukia. Nikiwa narudi, nilifika Chalinze jioni na mapema, nikapaki, nikanywa chai, nikavuta sigara tatu nne, nikasubiri hadi saa nne usiku ndipo niondoke, ili nikifika Kibaha nimkute mke wangu ameshalala, maana nguvu za kiume zilikuwa zimenipungua. Nilikuwa na miaka 37. Naandika haya kwa sababu najua kuna mwanamume mwenzangu amepaki mahali usiku huu kwa sababu hiyo hiyo, na sitaki apite njia niliyopita mimi.

Nianzie mbali kidogo. Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, na tumbaku ndiyo iliyonilea. Baba alilima tumbaku ya mvuke. Ada ya shule, mabati ya nyumba, baiskeli, vyote vilitoka kwenye marobota. Asubuhi ya umande tuliingia shambani kuchuma majani yakiwa yamelowa, na siku nyingine sisi watoto tulirudi tuna kizunguzungu na kutapika. Tuliambiwa ni kwa sababu hatukunywa uji. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa limelowa, na kwamba kutapika kule kulikuwa ni sumu. Usiku mmoja wa zamu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, nikichochea kuni ili moto usizimike, nilisokota jani kavu kwenye kipande cha gazeti, nikavuta. Nilikuwa na miaka 17.

Nikiwa na miaka 21 nikapata kazi ya utingo, na hapo sigara ikawa kama kifaa cha kazi, sawa na spana na jeki. Dereva akisinzia nilimwashia. Baadaye mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani nikawashiwa. Kupanda mlima Kitonga usiku, gari lina mzigo, mbele yako kuna malori kumi yanatambaa, sigara ilikuwa kama mtu wa kuongea naye. Kufikia miaka 30 nilikuwa navuta pakiti nzima ya 20 kwa siku, na ya kwanza niliiwasha kabla sijapiga mswaki. Onyo la kwenye pakiti nililisoma maelfu ya mara: uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Kwangu mimi afya ilikuwa kitu cha mapafu, cha wazee, cha kikohozi. Hakuna siku iliyonijia kwamba afya hiyo ni pamoja na ndoa yangu.

Tatizo halikuja ghafla, na hilo ndilo lililonidanganya. Kwanza ilikuwa nguvu inapungua katikati ya tendo. Nikasema ni uchovu wa barabara. Halafu ikawa hata mwanzo ni shida. Nikasema ni mawazo. Kitu kimoja nilikiona lakini sikukitilia maanani: zile asubuhi ambazo mwanamume anaamka mwili uko tayari bila hata kufikiria chochote, zilikuwa zimekoma. Sikumbuki zilikoma lini. Mtu hana tabia ya kuhesabu kitu kama hicho.

Mtaani kwetu wanasema jogoo hapandi mtungi, na wakisema hivyo wanacheka. Nilishakuwa mmoja wa waliocheka. Ukishacheka hadharani, siku yakikukuta huna wa kumwambia.

Nikaanza kutafuta dawa. Nilianzia mahali tunapoanzia wengi: supu ya pweza jioni, mihogo mibichi na nazi, karanga. Hivyo havikunidhuru. Nikaenda kwenye chupa za mizizi zinazouzwa stendi, shilingi 30,000 moja. Nikaenda kwa mganga mmoja aliyeniambia nimefungwa na mtu wa karibu, nikatoa 150,000 na jogoo, na kwa wiki kadhaa nikawa namtazama shemeji yangu kwa jicho baya bila kosa lolote. Nikanunua unga wa kahawia kwenye vikaratasi, ule ambao watu wanauita vumbi la Kongo. Mwisho nikaingia kwenye vidonge. Duka la dawa muhimu lenye foleni ndefu ndilo nililolipenda, kwa sababu pale hakuna anayekuuliza swali. Nilitaja jina la kidonge kwa sauti ya chini, nikapewa, nikaondoka. Hakuna aliyenipima presha wala kuniuliza kama natumia dawa ya moyo.

Siku moja nikachanganya. Niliramba ule unga saa mbili usiku, nikaona kimya, saa tatu nikameza vidonge viwili kwa mpigo. Baada ya nusu saa uso ulikuwa unawaka, pua zimeziba, kichwa kinagonga, na taa ya chumbani naiona ina rangi ya samawati. Nikasimama nikitaka maji. Sikufika mlangoni. Nilipopata fahamu nilikuwa sakafuni, bega limegonga kabati, mke wangu amepiga magoti ananipepea kwa kanga huku akiita jina langu kama mtu anayeita maiti. Mtoto amesimama mlangoni anatazama. Nikamwambia ni uchovu. Hata pale, nikiwa chini, nilidanganya.

Kilichonivunja hasa hakikuwa kuanguka kule. Tulikuwa na mtoto mmoja wa miaka minane, na tulikuwa tunatafuta wa pili kwa mwaka wa nne. Mama yangu kila akipiga simu kutoka Urambo swali lilikuwa kwa mke wangu, kamwe halikuwa kwangu. Mke wangu akaanza kwenda kliniki peke yake. Akapimwa homoni, akapigwa altrasaundi, akafanyiwa hata kile kipimo cha mirija ya uzazi, cha kuingiza dawa kupitia mlango wa kizazi kisha wanapiga eksirei. Mimi nilikuwa Tunduma kwenye foleni ya boda. Alinipigia simu akiwa kwenye daladala, sauti imekauka, akaniambia inauma sana lakini wamesema mirija iko wazi, kila kitu changu kiko sawa. Nikamjibu, "Haya, Mungu mkubwa," nikakata simu, nikawasha sigara. Nilijua shida iko kwangu, nikamwacha apimwe yeye. Katika yote niliyoyafanya, hili ndilo linalonisumbua hadi leo, na sijui kama kulisema hapa kunalipunguza.

Niliporudi safari ile sikusubiri Chalinze. Nilimkuta anakunja nguo kitandani. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Una mwanamke Tunduma?" Nikasema sina. Akakunja shati langu, akalipanga, akachukua lingine. "Basi niambie nimekukosea nini. Maana mimi nimeshapimwa kila mahali." Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia yote, tangu asubuhi zilipokoma hadi vidonge. Nililia. Nilitegemea atanicheka au atanidharau. Alichosema ni hiki: "Miaka miwili unanifanya nijione sifai, kumbe ni ugonjwa?" Alikasirika, na alikuwa na haki. Siku mbili hakuniongelesha. Siku ya tatu akaniambia kesho hatuendi kwa mganga, tunaenda hospitali, na tunakwenda wawili.

Daktari alikuwa mtu mzima, anaongea taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa maswali ya aibu, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Unavuta ngapi kwa siku?" Alinusa shati langu tu akajua. La pili: ya kwanza unaiwasha muda gani baada ya kuamka? La tatu ndilo lililonishangaza: asubuhi unaamka vipi? Akaeleza kwamba mwanamume mwenye mishipa mizima mwili wake husimama mara kadhaa usiku akiwa usingizini, bila yeye kujua. Ikiwa asubuhi mambo yako sawa ila mbele ya mke yanakataa, mara nyingi shida iko kwenye mawazo, hofu au ugomvi. Ikiwa hata asubuhi hakuna kitu, na hali ilikuja polepole, anaanza kutafuta kwenye damu, mishipa, sukari na homoni. Akauliza pia kuhusu pombe, huzuni, na dawa ninazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na za msongo nazo zina athari hiyo. Wewe unayekwenda hospitali, usifiche dawa hata moja, hata ile ya kwenye kikaratasi.

Nikapimwa presha: 150 kwa 95, iko juu. Sukari, kabla ya kula, ilikuwa sawa. Mafuta kwenye damu yalikuwa juu kiasi. Homoni ya kiume ilikuwa ndani ya kiwango. Kisha kipimo cha mbegu. Hiki wengi wanakiogopa, kwa hiyo niseme kilivyo. Unatakiwa uwe umekaa bila tendo kati ya siku mbili na saba. Unapewa kikopo safi, na ukikitolea nyumbani unakipeleka maabara ndani ya saa moja, ukikishikilia karibu na mwili kisipoe. Usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, maana vinaharibu mbegu. Kibaha mpaka hospitali tuliyotumia ni foleni, nikaamua kutolea palepale, kwenye chumba kidogo chenye komeo. Ni dakika chache za aibu, na mhudumu aliyekipokea hakunitazama mara mbili. Amezoea.

Majibu: mbegu milioni 11 kwa kila mililita, na zinazotembea asilimia 27. Viwango vya chini vinavyotumika, vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, ni milioni 16 na asilimia 42. Mke wangu ndiye aliyeisoma karatasi kwanza. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na karatasi zake zote za vipimo.

Hapo daktari akachukua kalamu, akaifungua, akatoa ule mrija wa wino wa ndani, akauweka mezani. Akaniambia mishipa inayopeleka damu kwenye uume upana wake ni milimita moja hadi mbili, ndogo kuliko mrija huu. Ya moyo ni milimita tatu hadi nne. Ndani ya mshipa kuna utando laini, na utando huo ndio unaotoa gesi inayoitwa oksidi ya nitriki, inayoamuru mshipa ulegee na kupanuka ili damu ijae. Kusimama kwa mwanamume ni damu kujaa na kufungiwa isitoke, basi. Sigara inafanya mambo mawili. Nikotini inabana mshipa papo hapo, kila unapovuta. Na moshi, mwaka baada ya mwaka, unachubua ule utando mpaka unashindwa kutoa gesi yake, halafu mafuta yanaanza kuganda pale palipochubuka. Mshipa mdogo ndio unaoziba kwanza.

Mimi nikaelewa kwa lugha yangu. Breki za semi zinategemea upepo. Kompresa ikiwa dhaifu na mipira imechoka, geji haipandi, na hata ukanyage pedali namna gani, breki ya mguu haishiki. Vidonge vilikuwa ni kukanyaga pedali kwa nguvu. Na daktari alithibitisha hivyo: vidonge vile vinailinda ile ishara ambayo oksidi ya nitriki imeianzisha isizimike haraka, havitengenezi mshipa, kwa hiyo utando ukiwa umechakaa vinakosa cha kushikilia. Kuhusu ule unga alisema baadhi ya poda za mitaani zimekutwa zimechanganywa na dawa ile ile ya vidonge bila kuandikwa popote, kwa hiyo inawezekana usiku ule nilikuwa nimemeza mara mbili au tatu ya kipimo. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati akimeza vidonge hivyo, presha yake inaweza kushuka mpaka akafa.

Halafu akasema maneno ambayo hayakuniacha nilale. "Hiki kinachokutokea huku chini, kwa wanaume wengi kinatangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Umebahatika kuonywa mapema." Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, hakuna dereva anayeifunika kwa kitambaa akaendelea na safari. Mimi niliifunika miaka miwili.

Kuacha sasa. Nilishindwa mara mbili, na nataka niseme nilishindwaje.

Mara ya kwanza niliacha kwa hasira. Nilitoka hospitali nikavunja pakiti mbele ya mke wangu. Sikuwa na mpango wowote. Nikakaa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa Tunduma, foleni ya boda haisogei, madereva wamekaa chini ya trela wanapika ugali, mmoja akanipa sigara bila hata kuniuliza. Nikaichukua. Jioni nilikuwa nimenunua pakiti.

Mara ya pili nilijidanganya kwa kubadilisha. Rafiki aliniambia shisha ni mvuke wa matunda, haina madhara. Mjomba akaniambia bora ugoro, hauna moshi. Vyote viwili vina nikotini, na nikotini ndiyo inayobana mshipa. Shisha ni mbaya zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu kikao cha saa nzima kinaingiza moshi mwingi kupita sigara moja mara nyingi mno, na ule mkaa unatoa kaboni monoksaidi juu yake. Nilipoteza miezi miwili hapo. Kama kuna kijana anasoma hapa na anavuta shisha wikiendi akiamini si mvutaji, anisikilize kwa hili.

Mara ya tatu nilipanga. Nilichagua wiki ambayo gari lilikuwa gereji linafanyiwa sevisi kubwa, kwa sababu siku za kwanza unakosa usingizi usiku na kusinzia mchana, na sikutaka kuwa barabarani na tani 30 mgongoni. Nilimwambia mke wangu tarehe. Nilimwambia utingo wangu. Nilitoa viberiti vyote kwenye kebini, nikang'oa kile kisahani cha majivu, nikaosha viti na mapazia kwa sabuni mara tatu, na maji yalitoka rangi ya chai. Nilirudi kwa daktari akanishauri bigijii za nikotini, zinazotoa nikotini kidogo kidogo bila moshi, kwa muda tu, ili hamu ipungue taratibu. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, lakini kuzipata kwetu ni kazi. Nilizipata kwenye famasia moja kubwa mjini Dar, na boksi moja lilikuwa karibu 60,000. Nilisita pale kaunta. Kisha nikakumbuka kwamba pakiti yangu ya kila siku ilikuwa 3,500, yaani zaidi ya laki moja kwa mwezi, na sikuwahi kusita hata siku moja.

Bigijii hizi hazitafunwi kama bigijii ya mtoto. Unatafuna taratibu mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, unaacha, unaibana kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Inakaa nusu saa hivi. Ukiitafuna haraka nikotini unaimeza, na utapata kwikwi na kiungulia, kama nilivyopata siku ya kwanza. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla, maana haitafanya kazi. Kwa kuwa mimi nilikuwa nawasha ya kwanza ndani ya nusu saa tangu kuamka, niliambiwa nianze na za miligramu 4, baadaye 2. Kuna pia dawa za kumeza za kusaidia kuacha, ila hizo ni mpaka daktari aandike.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Mikono ilikuwa haina pa kukaa. Nilimfokea mtoto kwa sababu ya kijiko. Nikaenda kumwomba msamaha, akaniambia, "Baba, mama kasema unaumwa ila utapona." Nilichogundua ni kwamba ile hamu kali haikai. Inakuja kama wimbi, dakika tatu, tano, inapita, uvute usivute. Basi kazi yangu ikawa kuvuka dakika tano. Nilikuwa na mswaki wa mti mdomoni muda wote. Karanga za kukaanga, maji, tangawizi mbichi. Kahawa niliiacha kabisa kwa mwezi mzima, kwa sababu kikombe na sigara vilikuwa mapacha. Bia vile vile. Baada ya kula, badala ya kukaa, nilisimama na kuzunguka gari nikigonga matairi.

Wiki ya pili kikohozi kiliongezeka, nikaogopa nikadhani nimejiharibu kwa kuacha. Daktari akanituliza kwamba ni mapafu yanaanza kujisafisha. Nikapata choo kigumu. Nikaongezeka kilo tano katika miezi mitatu. Haya hakuna aliyeniambia kabla, na ndiyo yanayowarudisha watu.

Mke wangu alinunua kibubu cha udongo. Kila siku 3,500 zinaingia, nikiwa safarini natuma kwa simu naye anazitumbukiza. Tulikubaliana hakivunjwi kabla ya siku 100.

Wiki ya sita, siku ya Jumanne, niliamka kabla ya adhana ya alfajiri nikiwa nyumbani. Mwili ulikuwa tayari. Nilibaki nimelala kimya, sikutikisika, kama mtu aliyemwona ndege adimu dirishani anayeogopa atamfukuza. Muadhini akaanza, jogoo wa jirani akawika, mke wangu akageuka. Nikamwambia. Hakusema neno kubwa. Alinishika mkono akasema, "Afadhali umeniambia."

Nisiseme uongo kwamba tangu siku hiyo kila kitu kilinyooka. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki za kushindwa. Mishipa ilikuwa inaanza kupata nafuu, lakini hofu ilibaki, na hofu peke yake inatosha kumwangusha mtu. Daktari alinipa vidonge kwa kipimo kidogo kwa miezi mitatu, safari hii akiwa ameshanipima presha na moyo, na aliniambia wazi kwamba kwa aliyevuta miaka 20 uharibifu mwingine huenda usirudi wote. Nilipunguza chumvi, nikaanza kutembea kwa miguu kila ninapopaki. Presha imeshuka hadi 134 kwa 86. Mwezi wa tano tangu niache niliteleza: kulikuwa na msiba wa dereva mwenzetu aliyepata ajali, tukakesha, nikavuta mbili. Asubuhi nilitaka kusema basi, nimeshindwa. Mke wangu akasema ni mbili, hazijawa pakiti. Nikaendelea kuhesabu siku zangu.

Kipimo cha mbegu nilirudia baada ya miezi minne. Nilitaka kurudia mwezi wa kwanza, daktari akakataa. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, ukichanganya na safari yake ya kutoka ni kama mitatu, kwa hiyo ukipima mapema unapima mbegu za siku za moshi. Majibu yalikuwa milioni 18, zinazotembea asilimia 39. Bado mtoto hajapatikana. Joto la kukaa kwenye kiti kwa saa 12 nalo halisaidii, daktari alisema, na tunaendelea. Mama yangu nilimpigia simu mwenyewe, nikamweleza kwamba aliyekuwa na shida ni mimi. Alinyamaza muda mrefu. Tangu siku hiyo akipiga anamuuliza mke wangu habari za afya yake, basi.

Kibubu tulikivunja siku ya 100 sebuleni, juu ya mkeka, mtoto ndiye aliyeshika nyundo. Laki tatu na nusu. Jioni ile nilikaa nikahesabu pia nilichotumia kwa mizizi, mganga, unga na vidonge kwa ile miaka miwili. Kilizidi laki sita.

Limebaki moja. Utingo wangu ana miaka 23, na sigara yake ya kwanza niliwasha mimi, usiku, tukipanda Kitonga, ili asisinzie. Nilimwambia hilo waziwazi na nikamwomba msamaha. Alicheka tu, akaenda kuvutia nje, kwa sababu kwenye kebini hairuhusiwi tena. Sikumsukuma. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni ya mizani Makambako, baridi, saa nane usiku, taa zimezimwa. Nilidhani amelala kule nyuma kitandani. Akaniita, "Kaka." Nikaitika. Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Ile hospitali yako. Nikienda, naanzia dirisha gani?"

Nikamwambia anaanzia dirisha la kadi, aseme anataka kumwona daktari, sababu atamwambia daktari mwenyewe ndani. Aende asubuhi bila kula chochote, kwa ajili ya kipimo cha sukari. Na kwamba Jumatatu gari halina safari, nitampeleka.